Vifremu viwili vinatosha, kazi ipo kwenye kujua uviweke wapi

Watu wakisikia naediti video wanadhani nashinda na video. Wapi! Muda mwingi mi nashinda na picha mnato, zile za kwenye bahasha ya kaki, zimekunjika kwenye kona, nyuma zimeandikwa kwa peni "Mtwara 1979" na wino umesambaa. Mtu anakuja anakwambia kaka nitengenezee video ya mzee wetu tutaionyesha siku ya arobaini, unamuuliza video zake zipo, anasema zipo, anafungua simu unakuta klipu moja fupi mzee anatoa zawadi kwenye harusi ya watu wengine na kichwa cha DJ kimemziba nusu ya uso. Zilizobaki zote picha. Sasa ukizipanga tu moja baada ya nyingine zinabadilika zenyewe, ukumbini dakika ya pili watu wameshainamia simu zao, ndo maana nikajikuta hii kitu ya kifremu imekuwa nusu ya riziki yangu.

Kwa ambaye hajawahi kugusa niseme haraka haraka. Kifremu, kwa Kiingereza keyframe, ni alama, kwenye programu za kuediti karibu zote inaonekana kama kialmasi kidogo, unaiweka kwenye taimulaini, ule mstari wa muda wa video, kuiambia mashine kwamba hapa picha iwe na ukubwa huu na ikae hapa, alafu unasogea mbele sekunde kadhaa unaweka nyingine unasema hapa iwe hivi. Katikati yake mashine inajaza yenyewe. Ukiwa na picha ya sekunde 6 kwenye fremu 25 kwa sekunde hizo ni fremu 150, yaani picha 150 zinazopita moja moja, wewe umeamua mbili tu, 148 kaamua kompyuta. Mambo haya yalianzia kwenye studio za katuni, mchoraji mkuu alikuwa anachora yale mapozi makubwa alafu wasaidizi wanachora ya katikati, siku hizi msaidizi ni laptopu yako ya mtumba. Na kabla ya kompyuta, kutembeza picha walikuwa wanailaza mezani, kamera inafungwa juu, wanaisogeza kidogo wanapiga, wanaisogeza tena kidogo. Wakanada walitoa filamu ya namna hiyo mwaka 1957 kwa picha za mji wa wachimba dhahabu. Baadaye akaja Mmarekani Ken Burns na filamu zake za historia ikawa ndo staili yake mpaka Apple wakaipa jina lake kwenye iMovie mwaka 2003. Ukiona kwenye programu wameandika "Ken Burns" usitafute kitu kingine, ni huku kuvuta na kutembeza picha tu.

Kubonyeza almasi, dogo yeyote mwenye CapCut, ile programu ya kuediti kwenye simu, unamfundisha kabla chai haijapoa. Hapo hakuna kazi.

Kazi inaanza pale unapojiuliza: naanzia wapi kwenye hii picha, naishia wapi, na kwanini. Na jibu halipo kwenye kompyuta, lipo kwa mwenye picha. Mimi sasa hivi sipokei picha za mzee wa mtu kwa WhatsApp tu alafu basi, nataka mtu mmoja wa familia anayezijua aje tukae, na mara nyingi mtu huyo ni bibi. Kuna bibi mmoja aliletwa na wajukuu zake kutoka Newala, nikamwamkia shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, akakaa pembeni yangu nikamfungulia picha ya marehemu mume wake, picha ya studio, nyeusi na nyeupe, pazia la maua nyuma, mzee kijana kabisa amekaa na redio kubwa mapajani. Mi nilikuwa nawaza kuvuta uso, kila mtu angevuta uso. Bibi akanyoosha kidole kwenye redio.

"Hii ndo aliyonunua na hela ya korosho zake mwenyewe, mwaka wa kwanza. Picha alipigia hii."

Basi, kifremu cha kwanza nikakiweka kwenye redio, karibu kabisa, unaona vidole vyake vimeishika, alafu taratibu picha inapanda mpaka usoni inasimama. Siku ya shughuli wajukuu waliojua ile stori ya redio walipiga kelele kabla hata uso haujafika. Hakuna mpangilio wa tayari wa programu ungenipa hicho kitu, zile tempuleti zinaanza katikati ya picha kila siku, na katikati ya ile picha kulikuwa na kifungo cha shati.

Picha za kundi ndo balaa zaidi. Ukanda wetu huu, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo unahesabiwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba sio mtu wa kupita naye kwa spidi. Mteja anayekulipa anaweza kuwa kijana kakulia Dar, anataka kila picha iishie kwa baba yake, sawa, hela yake, lakini watakaokaa viti vya mbele ni kina mjomba na wanaangalia picha imesimama kwa nani. Kifremu cha mwisho kwenye picha ya familia ni sawa na kupanga nani akae meza kuu. Wake wawili wapo kwenye picha moja, utasimama kwa nani? Mi siku hizi nina namna mbili, ama naanzia kwa mtu mmoja ambaye wote wamekubaliana, mara nyingi mtoto au bibi mzaa wote, alafu narudisha nyuma mpaka kundi zima linaonekana na hapo ndo inaganda, ama natembeza kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho kwa mwendo ule ule bila kusimama kwa mtu. Na kama mmojawapo ameshafariki na wanataka aonekane, naomba nitajiwe kwa jina na nafasi, wa tatu kutoka kushoto, sibahatishi.

Mwendo nao una watu wake. Vijana wanataka picha iruke, ivutwe mpaka puani kwa sekunde moja na mlio wa fyuu, haya, kwenye sendofu inakubalika. Wazee hapana. Mzee anahitaji muda wa kumtambua mtu, anauliza jirani yake huyu si fulani, jirani anajibu, ndo anarudi kwenye skrini. Kwa picha ya mtu mmoja mi natoka asilimia 100 kwenda 110 au 112 ndani ya sekunde 6 au 7, yaani inasogea mpaka mtu hajui kama inasogea ila ukiizima anahisi kuna kitu kimepungua. Kwenye kutembeza pembeni, kitu kilichoingia upande mmoja wa skrini kisitoke upande wa pili chini ya sekunde 5, na kwenye projekta kubwa ukumbini naongeza mpaka 7, maana kinachoonekana cha polepole kwenye laptopu kule ukutani kinakimbia.

Alafu kuna kulainisha. Vifremu vikiwa vya kawaida, vya mstari ulionyooka, yaani mwendo ni mmoja mwanzo mpaka mwisho, picha inashtuka kuanza na inagonga kusimama, hiyo ndo inayofanya video nyingi zionekane za kimashine. Kwenye CapCut unagusa grafu unachagua mkunjo, kwenye programu za kompyuta kama Premiere au DaVinci Resolve unabonyeza kulia kwenye kifremu unachagua izi (ease). Mwanzo na mwisho vinakuwa laini. Ila angalizo, usilainishe ukubwa peke yake ukaacha nafasi iwe ya mstari, vitakwenda kwa mwendo tofauti na uso wa mtu utaonekana unateleza pembeni kidogo alafu unarudi, watu hawajui nini kinawakera lakini kinawakera. Hivyo viwili vilainishwe sawa sawa, au bora zaidi hamisha ankapointi, ile nukta ambayo picha inakuzwa kutokea hapo, uipeleke kwenye uso wenyewe alafu usiguse nafasi kabisa, unabaki na ukubwa tu.

Kingine ambacho kinashangaza wengi ni kuvuta sana, mfano toka 100 mpaka 200. Utaona inaanza kwa kasi alafu kama inachoka mbele ya safari, wakati wewe umeweka mwendo mmoja. Sababu ni hesabu, toka 100 kwenda 110 picha imeongezeka sehemu ya kumi, toka 190 kwenda 200 ni kama sehemu ya ishirini tu, na jicho linahesabu kwa uwiano haliangalii namba. Dawa ni kuupinda mkunjo uongezeke kuelekea mwisho. Na kwenye After Effects, programu nyingine ya kompyuta, kuna kiroja chake, umeitembeza picha ikafika, ukaweka kifremu kingine mbele chenye nafasi ile ile ili itulie, lakini inayumba, inatoka kidogo na kurudi. Ni njia yenyewe imepindwa bila kukuuliza, unaibadilisha iwe ya mstari au kile kifremu unakifanya cha kushikilia (hold).

Sasa tuje kwenye ukubwa wa picha yenyewe, hapa ndo wateja wanaponitesa na mi nimeamua kuwa mkali. Video ya kawaida ni pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, 1920 kwa 1080. Ukitaka kuivuta picha mara mbili bila kuwa ukungu inabidi iwe na upana wa 3840. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida upande wake mrefu unabaki kama 1600 hivi, maana yake hata kabla hujaivuta imeshapungua. Kwa hiyo nawaambia nitumieni kama dokumenti, au leteni yenyewe. Picha ya saizi ya 10 kwa 15 sentimita ukiiskani kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unapata karibu 1800 kwa 1200, ndogo, ukipandisha 600 unapata 3600 kwa 2400, hapo unacheza. Ile ya pasipoti mi naenda 1200 moja kwa moja. Vijana wa steshenari wengine wanaskani kila kitu kwa 200 kwa sababu ni haraka na foleni ipo, ukiwa mpole unarudi na picha ya kuchapia barua, mwambie dpi kabla hajafunika mfuniko. Na familia nyingi wanapiga picha ya ukutani na simu ikiwa ndani ya kioo, unaona marehemu na ubavuni kwake mwanga wa flashi na kivuli cha aliyepiga, jamani itoeni kwenye fremu, misumari minne tu hiyo, alafu ipigeni nje kivulini asubuhi.

Hata ukiwa na picha kubwa kuna mtego kwenye Premiere, ukibonyeza kulia ukachagua "Scale to Frame Size" programu inaishusha picha mpaka saizi ya video kwanza, ukivuta unavuta kitu kilichoshapunguzwa, pikseli zako zote za skani zimekwenda na maji. Ya jirani yake, "Set to Frame Size", inabadilisha namba ya ukubwa tu na pikseli zinabaki. Zimekaa jirani kwenye menyu na majina yanafanana.

Kanga na makuti vina shida yao nyingine. Mistari myembamba ikitembea polepole inameta meta, yaani paa la makuti linakuwa kama linachemka, na ile doti doti ya kitenge vile vile. Inatokea picha ikiwa kubwa na kali mno kuliko video. Naipunguza kwanza iwe karibu na saizi ninayohitaji, au naongeza ukungu kidogo sana, inatulia. Huku kwetu hakuna picha ya mwanamke wa pwani bila kanga kwa hiyo hilo utakutana nalo tu.

Kazi niliyoipenda kuliko zote lakini haikuwa ya msiba wala harusi. Mwalimu mmoja wa Lindi alitaka video ya wanafunzi kuhusu Tendaguru, kule kilimani Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Hakuna video ya enzi zile ya kutumia, kuna picha mnato tu. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na watu, vichwani na mabegani, safari ya siku kama nne kwa miguu mpaka Lindi mjini zipakiwe meli. Dinosaria mkubwa wao leo amesimamishwa Berlin kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, kwenda juu mita 13 na ushee. Sasa unayo picha ya msururu wa wapagazi, unaitembezaje? Niliweka njia zote mbili nikamwonyesha mwalimu. Ukitembeza jicho kule kule wanakoelekea, unakuwa unatembea nao, unawasindikiza, safari inakuwa ndefu na mzigo unausikia. Ukitembeza kinyume wanakupita, mmoja mmoja, unaona idadi yao, haiishi. Picha ile ile. Mwalimu akachagua kinyume, akasema anataka watoto wajue ni watu wangapi, nikaona ana haki, kwa sababu stori hii ukiisikia mara nyingi inaishia kwa maprofesa wa Kijerumani, wakati msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mgongo uliobeba ni wa huku. Kwa hiyo kwenye picha za kambini zenye Mzungu na vibarua, kifremu cha kwanza nikakiweka kwa Mzungu kwa sababu jicho linamwendea yeye tu utake usitake, cha mwisho nikakipeleka kwa waliosimama nyuma, jina la Boheti likasomwa hapo hapo jicho linapotua.

Na picha ya mfupa nayo. Ukianza nayo nzima mtoto anaona mtu kasimama kwenye kitu kama gogo, basi. Nikaanzia karibu sana, unaona vinyweleo vya jiwe tu hujui ni nini, inarudi nyuma, inarudi, mara mtu anaingia kwenye skrini na ndo unashtuka kwamba kile kitu ni mfupa mmoja na ni mkubwa kumzidi. Hapa kurudisha nyuma kumefanya kazi ambayo kuvuta kusingeweza.

Kuna ile ya kukata mtu umtoe kwenye picha, unajaza nyuma yake, alafu mtu anasogea kwa mwendo wake na mandhari kwa mwendo wake, inakuwa kama ina kina. Tamu, naikubali kwa picha za majengo, milango ile ya zamani ya Mikindani inatoka vizuri sana. Kwa sura za watu mi naogopa, ukikata nywele vibaya mtu anaonekana kabandikwa. Na hizi za akili mnemba za kumfanya marehemu akonyeze na acheke, zilizoanza kusambaa sana mwaka 2021, zinaombwa na vijana karibu kila msiba. Familia moja ilinilazimisha nikafanya, nikaionyesha kwanza kwa wazee kabla ya shughuli, mjomba mtu akaangalia mara moja akasema huyo sio yeye, yeye alikuwa hachekei upande huo, ondoa. Nikaondoa. Na mjomba alikuwa sahihi kabisa, mdomo ule ulikuwa wa mtu mwingine. Picha ikisogezwa tu haidanganyi, uso ni ule ule aliouacha, wewe umebadilisha pa kuangalia.

Mwisho wa picha nao watu wanauharibu. Kama unaweka mchanganyiko wa picha moja kufifia ingine ikiingia, usiache mwendo uishe kabla ya kufifia, picha itaganda nusu sekunde alafu ndo iondoke, inakera. Peleka kifremu cha mwisho mbele ya ukingo wa klipu, na cha kwanza kirudi nyuma kabla picha haijaanza kuonekana, ili wakati wa kupokezana zote mbili ziwe bado zinatembea. Na kama ya kwanza ilikuwa inavutwa ndani, ya pili isikimbilie kurudi nyuma, watu wanapata kizunguzungu. Kifremu cha mwisho kabisa cha video ndo nakiacha kisimame chenyewe, kimelainishwa, mpaka MC achukue kipaza.

Alafu sasa, ukishamaliza, umesubiri iekspoti, umeme umekatika katikati umeanza upya, umewapa flashi, siku ya pili simu inaita: kaka tunaomba na ya kusimama, ya kuweka status. Watu wanadhani ni kukata pembeni. Ukiikata video ya kulala iwe ya 1080 kwa 1920 ule mwendo wote wa pembeni unakufa, msururu wa watu unaona mmoja na nusu, na redio ya yule mzee ingekatwa pembeni. Inabidi kila picha iwekewe vifremu upya, mwendo wa pembeni ugeuke wa juu kwenda chini, kundi ligawanywe mara mbili. Ni video nyingine hiyo. Kwa hiyo mnaokuja msimu huu wa korosho semeni mapema mnataka ngapi, na bei ya ya pili ipo, msiniambie "si ile ile tu".